Tairi Lisilo na Tundu

Usiku ule Mama Pindo hakulala. Alikaa kitandani na simu mapajani, akiikodolea macho kama chungu kisichotaka kuchemka. Saa mbili na nusu binti yake alikuwa amempigia.

"Mama, uchungu umeanza. Mume wangu yuko lindo, hashiki simu. Njoo."

Naye akajibu neno ambalo tangu hapo alitamani angelimeza: "Nitakujaje, mwanangu, na usiku huu?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana.

Kwa baiskeli, hadi kwa binti yake ni dakika ishirini. Kwa miguu, na goti lake lile bovu, ni saa nzima na ushee. Gari wala pikipiki hazikupita, maana barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, pakabaki kijia chembamba pembeni. Na baiskeli ilikuwepo! Imeegemea ukuta wa chumba hichohicho, nyuma ya cherehani, imefunikwa shuka, na mwenye nayo hajui kuiendesha.

Alinunuliwa baiskeli hiyo na binti huyohuyo, mara tu barabara ilipoanza kuchimbwa na mimba ilipoanza kuonekana. "Ujifunze, Mama. Siku ikifika nataka wewe ndiye unishike mkono." Kila Jumamosi akawa anakuja kumfundisha kwenye uwanja wa shule.

Mama Pindo alikuwa mshonaji wa sare za shule, miaka arobaini na tisa, mtu wa kuona ajali kabla haijatokea. Akiona ngazi, kwake mtu ameshaanguka. Jumamosi ya kwanza alikwenda kama hatua kumi, sketi ikanasa kwenye mnyororo, akalala chali mbele ya wauza mboga.

"Jamani, Mama Pindo kajishona na baiskeli!" mmoja akapiga kelele, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Hakusema hataki tena. Angeanzaje, na mtoto amejinyima kumnunulia? Badala yake, kila Ijumaa jioni alichutama nyuma ya cherehani, akalegeza valvu, upepo ukatoka fyuuu. Jumamosi binti anakuta tairi limelala. "Pancha tena!" Na tumbo lake lile, anaikokota baiskeli mpaka kwa Fundi Spoku, na siku imeisha hapo.

Mara ya tano fundi aliizamisha tyubu kwenye karai la maji, akaizungusha yote. Hata povu moja halikutoka.

"Dada, tyubu hii ni nzima kuliko mimi. Kuna mtu nyumbani kwenu anatoa upepo."

Binti hakugomba. Aliirudisha, akaiegemeza pale pale ukutani.

"Mama, ungeniambia tu hutaki."

"Niliogopa kuanguka."

"Na mimi nilikuwa nimekushikia nyuma."

Tangu siku hiyo, miezi miwili, Jumamosi zikapita bila mtu. Mpaka simu ile ya usiku.

Alfajiri mkwe wake alipiga. "Mama, amejifungua. Mtoto wa kike, wote wazima. Majirani ndio waliompeleka zahanati."

"Nipe niongee naye."

Akasikia mnong'ono. "Amechoka, Mama."

Asubuhi ileile aliifunua baiskeli, akaikokota hadi kwa Fundi Spoku.

"Jaza upepo. Halafu unifundishe."

"Usiku hutautoa?"

"Usinichokoze, baba."

Fundi alimshikia tandiko kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, muda wa wiki tatu. Mama Pindo alianguka mara sita. Alijishonea suruali kwa mabaki ya vitambaa vya sare, mguu mmoja bluu, mwingine kijivu. Wauza mboga walicheka, akawaacha wacheke. Zilikuwepo asubuhi ambazo mwili wote ulikataa, goti limevimba, na nje kuna ubaridi. Hapo alilikumbuka neno lile moja, "Njoo," akatoka kitandani. Kila alipopiga pedali alijiuliza ni Jumamosi ngapi angehitaji wakati ule. Tatu? Nne? Hazikuwa nyingi, na alikuwa nazo.

Siku aliyokwenda, alipita kijia cha kando ya mtaro akiwa ameuma meno. Zile dakika ishirini kwake zikawa arobaini. Aliiegemeza baiskeli, akafuta jasho, akabisha hodi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya binti yake.

"Ni mimi, mama yako."

Ndani mtoto akalia, akabembelezwa, akanyamaza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia mjukuu wake.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Na baiskeli."

Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama.

"Tairi lina upepo?"

"Lina, mwanangu. Nimelijaza kwa mikono yangu."

Mama Pindo aliweka kiganja juu ya ubao wa mlango, taratibu, kama anayepima homa.

"Basi rudi, Mama, kabla jua halijawa kali."

"Kesho nipite?"

Chini ya mlango aliona vivuli vya miguu miwili. Alisubiri. Vivuli havikuondoka, na komeo nalo halikuondoka.