Mchezo wa Kiti Kisicho na Kioo

Estella Nzeyimana alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Mteja akishakaa kwenye kiti chake, kabla hajamaliza msuko wa tatu, Estella ameshajua mteja huyo anapanga kwa nani, anasali wapi na kwa nini hasemi na dada yake. Saluni yenyewe ilikuwa Berea, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, chumba kimoja cha chini chenye viti vitatu. Viwili vilitazama vioo. Cha tatu kilikuwa mlangoni, kikitazama barabara, na hicho ndicho alichopewa Estella kwa kuwa alikuja wa mwisho.

Mwaka wa pili kiti kimoja chenye kioo kikabaki wazi, tajiri wake akamwambia ahamie. Estella akakataa. Wenzake walimcheka wee, mpaka wakachoka. Lakini yeye alikuwa amegundua jambo lake: mtu anayejitazama kwenye kioo anasema ya kupendeza, na mtu anayetazama barabara anasema ya kweli. Angeachaje uhondo huo kwa ajili ya kipande cha kioo?

Kasoro Jumapili. Jumapili ugonjwa wake ulikosa chakula. Kanisa lao la Warundi na Wakongomani lilipanga shule moja mtaa wa Glenwood. Wakubwa walisali ukumbini, na Estella alipewa vijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba katika darasa la watoto, lenye viti vifupi na picha ya mzunguko wa maji ukutani. Vijana kumi na wanne, na wote kimya. Ukiwauliza habari ya wiki, wanatazama viatu. Ukiuliza nani aombe, wanatazama dirisha. Na muda ulikuwa mfupi, kwa sababu saa tano na nusu kwaya ilikuja kufanya mazoezi humo humo.

Mkaidi zaidi alikuwa Lyse, msichana wa miaka kumi na sita. Lyse alikataa Kiswahili kabisa. Mama yake akimwita kwa Kiswahili kwenye taxi, yeye anajibu kwa Kiingereza, tena kile cha puani, huku waya za simu zikining'inia masikioni. Watu wazima kanisani walishamkatia tamaa.

Mwanzoni mwa Novemba 2012, Mama Joséphine, mkuu wa madarasa yote ya Jumapili, alimvuta Estella pembeni.

"Estella, binti yangu, minakuambia wazi. Siku ya Shukrani, mwisho ya mwezi, nitapita. Kama batoto bataendelea kukaa vile, Januari banakuja kuketi na siye kwa salle ya bakubwa, na chumba ninapatia kwaya."

Estella aliinamisha kichwa akasema ndiyo, Mama. Usiku ule hakula vizuri. Hakuwa na mtoto wake, na wale kumi na wanne, pamoja na kiburi chao chote, aliwapenda. Kuwapoteza kabla hajajua hata mmoja wao anawaza nini kungemuuma vibaya.

Basi akaenda kwa Désiré wa duka la simu, akamwomba amtafutie kwenye mtandao michezo ya haraka ya sikukuu ya shukrani, ya vijana, ya darasani. Désiré akamchapia kurasa nne. Kumbe Wamarekani nao wana Novemba yao ya kushukuru! Estella alisoma akashangaa. Kuna mchezo wa kuchora kiganja kikawa bata mzinga. Kuna mchezo wa kukimbia na kijiko chenye matunda madogo mekundu, ambayo hakuwahi kuyaona maishani na Désiré naye hakuyajua. "Tante, weka maharagi, ni sawa sawa," Désiré akashauri, naye Estella akaona ni neno.

Jumapili iliyofuata akaja na maharage mabichi na vijiko. Na mchezo ukakubali! Prodige, kijana mrefu asiyecheka, alicheka mpaka kijiko kikamponyoka, maharage yakatawanyika chini ya viti. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akasimama Mama Joséphine.

Hakugomba. Alipiga magoti na kitenge chake cha Jumapili, akaanza kuokota, punje moja moja, akiipangusa. "Chakula si ya kuchezea," alisema tu. Vicheko vikafa.

Estella alitamani sakafu immeze. Hilo lilikuwa kosa la mtu aliyejisahau, kwa sababu kila mtu kanisani alijua habari ya maharage ya Mama Joséphine. Mei 2008, wageni walipofukuzwa kwenye nyumba zao, familia nyingi zililala kwenye sakafu ya kanisa moja mjini, na mama huyu alikoroga sufuria kubwa asubuhi na jioni, majuma matatu, akipakua mwenyewe. Na Estella, aliyekulia kambini Tanzania na kupanga foleni na bakuli tangu utotoni, alipaswa kujua kuliko wote.

Jumapili ya pili akajaribu ukurasa wa tatu: kaeni wawili wawili, mtazamane machoni, kila mmoja aseme anachoshukuru. Lo! Watoto waliofundishwa nyumbani kwamba kumkazia mtu macho ni utovu wa adabu, unawaambia watazamane? Wakaganda. Lyse akasema kwa Kiingereza kwamba mchezo huo unatia aibu, akarudisha waya masikioni. Ikabaki Jumapili moja.

Ijumaa yake Estella alikuwa akimsuka mteja mmoja, mfanyakazi wa hoteli, asiye na maneno mengi. Mara yule mama, macho yake kwenye robot, zile taa za magari za kona, akaanza kusimulia jinsi jirani yake alivyomlelea mtoto mwaka mzima. "Na sijawahi kumwambia asante," akasema.

Mikono ya Estella ikasimama. "Sasa mbona unaniambia mimi?"

"Eish, dada, si kwa sababu sikuoni?"

Estella alisuka kichwa kile mpaka mwisho akitabasamu peke yake. Zile kurasa nne za Désiré akazitumia kufutia mafuta ya nywele.

Siku ya Shukrani aliweka kiti kimoja katikati ya darasa, kikitazama dirisha. Sheria zake zilikuwa chache. Aliyekaa haruhusiwi kugeuka. Mmoja anakuja kwa kunyata, anasimama nyuma yake na kumshukuru kwa jambo la kweli. Unaweza kubadili sauti, unaweza kubadili lugha. Aliyekaa akimtambua, wanabadilishana. Asipomtambua, anaendelea kukaa.

Prodige alikaa wa kwanza. Kisha mtoto mmoja akanyata, akasema kwa sauti ya kizee: "Asante ulinipa jezi yako siku ile walinicheka." Prodige alikosa. Akaja wa pili. Alikosa tena, na darasa likaanza kuchemka. Saa tano na robo walikuwa wakigombea zamu, na Estella, masikio yamemsimama, alikuwa amesikia mengi zaidi katika dakika kumi kuliko alivyosikia katika mwaka. Ni Lyse tu aliyebaki ukutani.

Mama Joséphine akaingia. Akatazama viti vilivyovurugwa. "Hii ni nini tena?"

"Mama, njoo ukae!" Prodige akamwita kabla Estella hajafungua kinywa. "Angalia dirisha tu, utambue nani anakushukuru. Ukikosa, unabaki kwa kiti."

Labda ni magoti yaliyomshawishi, maana alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri akipika chakula cha sikukuu. Alikaa. Watoto wakatazamana: nani atathubutu? Ndipo Lyse akatoa waya masikioni, akanyata, akashika mgongo wa kiti.

Estella alingoja Kiingereza.

"Mama, aksanti juu ya maharagi," Lyse akasema, kwa Kiswahili cha kwao Uvira, Kongo, kilichonyooka, kama cha bibi yake. "Kule kanisani, wakati tulifukuzwa. Mama yangu alikuwa analala tu, hakuwa anakula. Nilikuwa nakuja na sahani mbili. Ya mama uliweka mingi, ukaniambia, mwambie ni mimi nimemtuma akule. Akakula. Sikukuambia aksanti, juu nilikuwa na haya ya kuomba kila siku."

Mkono wa Mama Joséphine ulipanda ukashika kitambaa cha kichwa.

"Huguette?"

"Hapana," darasa likajibu.

"Basi ni ile ndugu yake Huguette."

"Hapana!"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Estella. Yeye, ambaye hajawahi kukaa na habari kwa dakika mbili, aliuma midomo na kunyamaza, machozi yakimtoka bila haya. Lyse hakuondoka nyuma ya kiti.

"Sijui," Mama Joséphine akasema, sauti imepungua. "Kweli sijui. Mutoto wa nani anasema Kiswahili ya kwetu namna hii?"

Mlango ukagongwa. Kiongozi wa kwaya akachungulia, daftari la nyimbo mkononi, akasema saa tano na nusu imefika na chumba wanakihitaji.

Mama Joséphine hakugeuka. Macho yake yalibaki kwenye dirisha, kama sheria ilivyotaka.

"Mungojee inje," alimwambia. "Nimekosa. Ningali naketi."