Landrova Iliyopimwa Kama Mguu

Likizo ya Aprili, nikiwa kidato cha pili, niliharibu landrova ya baba kwa ufundi mkubwa sana. Nilitumia drili, futi kamba na penseli nyuma ya sikio. Sidhani Kitale nzima kuna mtu amewahi kuharibu kitu kwa mpangilio kama ule.

Maneno yalianza na kukhu, mamake mama, anayeishi upande wa Kibabii. Alikuwa amevunjika nyonga, ametoka hospitali, na huko kwake hakuna wa kumgeuza kitandani. Jumamosi tulitakiwa kumleta kwetu. Kuketi hawezi, lazima alale kwa godoro. Na hata angeweza, kwa Wabukusu mama mkwe hakai karibu na mume wa bintiye. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hata kutazamana usoni ni aibu. Baba ni wa wale Wakikuyu waliohamia huku kulima, lakini kwa hiyo sheria anawashinda Wabukusu wenyewe. Na dereva nyumbani ni yeye tu. Kwa hivyo kukhu angelala nyuma, pale wazi pa mizigo, na baba angeendesha akijifanya amebeba viazi.

Shida ilikuwa matope. Baba alikuwa amefunga matairi mapana yanayotokeza nje ya bodi, na mvua ikinyesha yalirusha matope mpaka nyuma. Kuna mbuzi wa jirani tulimpeleka Kiminini. Alipanda mweupe, akashuka mweusi.

"Mamangu hatapakwa matope kama kijana anaenda kutahiriwa," mama alisema. "Kama hiyo gari itamrushia, heri abaki huko."

Baba akaleta mipira: vipande vinne vyeusi, vipana kama kiganja, vya kufungwa kwenye ukingo wa bodi juu ya kila tairi ili vizuie matope. Nikamwomba aniachie kazi.

"Una uhakika?" akauliza.

"Baba, si nafanya somo la vyuma shuleni? Hii ni saa moja tu."

Alhamisi asubuhi nikaweka jeki, nikainua gari, tairi zikaning'inia vizuri, nafasi tele. Nikaweka mpira, nikachora, nikatoboa bodi, nikakaza bolti. Nilianza na za nyuma, kwa sababu huko ndiko kukhu angelala. Nikashusha jeki. Bodi ikakaa chini, tairi ikapanda juu, na baba alipoendesha hadi lango, tairi ya kushoto iliuma mpira ikaurarua kama chapati.

Baba alishuka, akaangalia, akarudi ndani ya nyumba. Ningependelea kofi.

Mama ndiye aliyesema twende kwa mzee wa akala. Ni Mwislamu anayekaa nyuma ya msikiti, anakata viatu vya tairi tangu zamani. Mimi nilicheka. Landrova kwa fundi viatu?

Baba alitupeleka, mama akaeleza habari ya kukhu, na mzee akazunguka gari mara moja, mikono nyuma. Akaweka kidole kwenye mashimo yangu.

"Nani alipima hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulipima ikiwa imeinuliwa."

"Ndio."

"Mimi simpimi mtu ameketi," akasema. "Mtu akiketi mguu unadanganya. Nasema simama, weka uzito, ndio nachora. Huyo mama ana uzito gani?"

"Gunia moja hivi la mahindi," nikasema. "Lakini usimwambie."

Hakucheka. Alituma tuletewe magunia kutoka duka la jirani: moja la kukhu, moja la mama, nusu ya godoro na vyombo. "Na wewe panda." Nikapanda. "Ruka." Nikaruka kama mjinga, watu wanaotoka kuswali wakinitazama. Kila niliporuka, mzee alikuwa amechuchumaa kando ya tairi, ngumi yake katikati ya tairi na bodi, anasikiliza kwa vidole.

Kisha akachora kwa chaki, akachovya kisu kwa maji na kukata. Mpira mgumu vile ulifunguka kimya kama siagi. Ule ulioraruka aliuongezea kipande cha tairi kuukuu. Bolti hakutaka pale palipopinda. Alikata vikanda vyenye kichwa kinene, akavipitisha kwenye matundu madogo kuliko vyenyewe, akavivuta upande wa pili kwa koleo, vikakwama. Ndivyo anavyofunga kamba za akala, bila msumari wala gundi. Mashimo yangu manane ya makosa yote aliyaziba hivyo hivyo. Nikavuta kimoja kwa nguvu zangu zote na hakikusogea. Nilikaa pale nikimtazama mpaka adhana ya alasiri.

Jumamosi ilinyesha. Huko Kibabii, watu walipombeba kukhu, baba alisimama upande wa pili wa gari akichunguza ua wa jirani kama anataka kuununua. Kukhu alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani. Nikamkumbuka yule mbuzi, nikasema moyoni, haya basi.

Nililala kifudifudi kando ya godoro nikiangalia tairi. Njia ya kwao ilikuwa uji. Niliona matope yakipanda kwa kasi, meusi, moja kwa moja kuelekea kwetu, yakigonga mpira na kudondoka chini. Tena na tena, mpaka lami. Sikuweza kuacha kutazama.

Kufika Kitale, kukhu aliniita. Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu, ametupa mgongo.

"Mwambie baba yako kitambaa kiko vile nilikifunga."

Nikageuka. "Baba, kukhu anasema kitambaa kiko vile alikifunga."

Baba akaliambia banda la ng'ombe, "Mwambie nimesikia."

Walipomwingiza ndani, nikachuchumaa kando ya tairi na kuingiza ngumi yangu juu yake. Ilipita. Ilitoka imejaa matope mpaka kifundo, na nikakaa nayo hivyo kidogo kabla ya kwenda kunawa.