Kichwa Nusu cha Mke wa Afisa

Mdogo wangu alianza kusuka nywele kabla hajang'oka meno ya utoto, ndiyo maana watu humwita Vidole. Nilimwona kwa macho yangu akimsuka mwanamke mwenye nywele kumi na moja, akampa mistari minane na nywele zikabaki. Mkikataa, kataeni, shahidi yuko kaburini.

Miaka thelathini amesukia katika chumba kimoja, kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa. Kisha serikali ikatoa kanuni: kila msusi awe na cheti, na cheti hapewi asiyemaliza shule. Sisi shule tuliipita nje, tukiwa na ndoo za maji kichwani. Wasusi wakaenda mahakamani. Jaji akasema kanuni ile ni batili, kwani iliwekwa bila kuwauliza wanaoishi kwa kazi hiyo. Redio ilipotangaza asubuhi, Vidole alinikumbatia nusura anivunje mbavu.

Mchana wa siku ileile wakaja askari wawili wa ofisi ya leseni, na kufuli.

"Mama, toka nje."

"Kwenu hakuna redio?" Vidole akauliza.

"Redio si barua. Hukumu haijatufikia."

Damu ilinichemka! Kanuni ilitufikia kabla wino haujakauka. Hukumu ya kuifuta ndiyo imevunjika mguu njiani?

Basi aliyekuwa kitini ni mke wa afisa huyohuyo aliyewatuma. Upande wa kulia kasukwa, wa kushoto msitu. Walimtoa bila hata kumtazama usoni, wakafunga mlango. Na wasusi wana mwiko wao: kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja, mkono mwingine haukigusi. Kufumua hakutaka, mistari ile ilimla saa nne na machozi. Alizunguka kwa wasusi wote, hata wenye vyeti. Wote wakamwambia, "Pole dada, rudi kwa mwenye kazi."

Siku ya tatu afisa akaja mwenyewe, ufunguo mkononi, mkewe nyuma yake kajifunga kitambaa na kununa.

"Shikamoo, bibi."

Sikuitikia. Mungu anisamehe, na akitaka asinisamehe.

Akamgeukia Vidole. "Mama, nakufungulia leo tu, ummalizie mke wangu. Kesho tutaona."

Siku tatu jiko letu lilikuwa baridi, nikadhani atakubali. Yeye akakaa kizingitini, mikono kifuani.

"Fadhila yako kaa nayo. Hukumu imeshanifungulia. Isome hapa, watu wasikie, kisha utoe kufuli lako moja kwa moja."

"Sina nakala, mama."

Mkewe akachomoa gazeti mkobani. "Hii hapa. Soma, baba watoto, kabla sijafungua hiki kitambaa mbele za watu."

Akasoma. Alipofika kwenye "batili" sauti ikamkimbilia tumboni.

"Rudia," Vidole akasema. "Dada yangu hasikii vizuri."

Mwongo mkubwa! Masikio haya husikia siafu wakigombana. Lakini niliweka kiganja sikioni, nikamfanya arudie mara tatu, mpaka mtaa mzima ukajaa mlangoni.

Kufuli likatoka. Vidole akafuta vumbi kitini, akashika upande wa kushoto.

Mnaniambia nisamehe, mlango si umefunguliwa? Nisamehe nini? Siku tatu zimeliwa, na samahani hatujaiona. Labda nayo inasubiri barua.