Barabara Iliyofundishwa Kula

Nilipohitimu chuo kikuu na kurudi nyumbani, kwenye milima ya upande wa Litembo, nilikuta ukoo wetu umegombana na barabara ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Ilikuwa imechorwa tu kwenye ramani, na mlimani ilikuwa imetanguliwa na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Ingetoka Mbinga kwenda ufukweni mwa Ziwa Nyasa, barabara kuu kweli kweli, na kabla ya kuteremka ingepasua msitu uliofunika kilele chetu.

Hakuna aliyeichukia barabara yenyewe. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda kwetu kwa magari yao, na kila masika walikwama kwenye tope lile lile, wakisukumwa na wakulima wale wale waliokuwa wakienda kuwapunja. Mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, aliitamani barabara kuliko sisi sote. Alipenda mno usipa, dagaa wa ziwa letu, ambao wakati huo walitufikia vichwani mwa wachuuzi baada ya kupanda milima mingi, wakiwa, kwa maneno yake, wazee kuliko yeye.

Tatizo lilikuwa msitu. Humo ndimo ilimotoka chemchemi iliyonywesha ntambo wetu mzima, yaani ule mgongo wa mlima, kati ya vijito viwili, ambao ukoo mmoja huishi na kulima. Humo pia walikaa mbega, wakitutazama kutoka juu kwa utulivu wa watawa walio kwenye mafungo. Kilele kikipasuliwa, chemchemi ingekauka, mbega wangehama, na mvua ingeporomosha udongo hadi kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili maji yasituibie shamba.

Injinia aliyetumwa kupima njia alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye viatu visivyostahili adhabu viliyopewa na milima yetu. Katika mkutano wa kijiji alitutuliza kwa kusema kwamba barabara itakula msitu kidogo tu. Wengine walipinga kwa sauti kubwa. Baba mkubwa, aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, hakupinga neno. Aliokota kitenzi kimoja tu, akakigeuza geuza, kisha akasema kwamba kama barabara hiyo inakula, basi ije kwanza kwenye sengu, tuione inavyokula.

Sengu ni desturi ya wanaume wa ukoo kula pamoja kwenye baraza la mkubwa wao, na baada ya kula, kutoa mashauri. Shauri halianzi mpaka watu wameshiba, nadhani kwa sababu mwenye njaa hukubali lolote. Mimi niliitwa niwasomee wazee ramani, na hapo ukazuka mgogoro mdogo, kwa kuwa wanawake hawakai sengu. Walilijadili jambo hilo kwa uzito ambao barabara yenyewe haikuwahi kuupata, wakaamua kwamba nitahesabiwa kuwa mwanamume hadi sahani zitakapoondolewa. Mama mkubwa, aliyekuwa akisonga ugali, aliuliza kutoka mlangoni mwa jiko kama mwanamume huyo mpya bado atateka maji.

Ugali ulipofika ulikuwa umerundikwa ukasimama kama mlima, ukifuka mvuke, na kando yake maharage na usipa. Injinia, kwa kuwa ni mgeni, aliombwa aanze. Akanyoosha mkono, akamega kileleni.

Mikono mingine yote ikabaki magotini. Mtu mzima aliyelelewa vizuri hujua anapokosea hata kama hajui amekosea nini, na injinia alibaki na tonge mkononi, hajui alirudishe au alimeze.

"Injinia, mwanangu," baba mkubwa akasema kwa upole wa kutisha, "hapa kwetu kila mtu huanza chini, upande wake. Juu hapaguswi mpaka wote tushibe. Ukibomoa juu, ugali mzima unapoa."

"Kumbe barabara imefundishwa na yeye," mjomba mmoja akanong'ona, na baraza zima likaangua kicheko. Injinia naye alicheka mpaka usipa wakampalia, akapigwa mgongoni na watu wale wale waliokuwa wakimpinga.

Kwa miaka mingi nimejiuliza kama ugali ule ulirundikwa vile kwa makusudi. Nilimwuliza mama mkubwa, akanijibu kwamba ugali hufuata mkono.

Tulipokwisha kunawa, injinia alitandaza ramani, na sauti yake haikuwa tena ile ya mkutanoni.

"Mzee, ipo njia nyingine, ya chini. Ni ndefu, na wakubwa wangu watanung'unika. Lakini inapita kwenye kahawa ya mtu."

"Kahawa ya nani?"

Nilifuata kijito kwa kidole mpaka mahali kinapopinda. Nilikiacha kidole pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Yako, baba."

Hakuitazama ramani. Aliutazama mteremko wenyewe, mahali ilipokuwa mibuni aliyoipanda mwaka aliooa. Leo ninaukaribia umri aliokuwa nao siku ile, na najua kwamba mtu wa umri huo hapandi tena kahawa kwa moyo mwepesi.

"Basi na ianze kula upande wangu," akasema.

Wakubwa wa injinia walinung'unika kweli. Walikuja, wakanung'unikia kwetu, wakala sengu. Nilimwona injinia akiwanong'oneza mahali pa kuanzia. Mwishowe vigingi vyekundu vikang'olewa kileleni, vikateremshwa. Baba mkubwa alisifiwa kila mahali, hata kanisani, na alizipokea sifa kwa unyenyekevu uliosikika mbali.

Siku tingatinga lilipoingia kwenye mibuni, yeye na mama mkubwa walikaa kwenye kigogo wakitazama. Mimi nilisimama nyuma yao. Mama mkubwa ndiye aliyeichuma kahawa ile kila msimu, na siku ya ramani, akiwa mlangoni mwa jiko, hakuna aliyemwuliza kitu. Hata mimi, mwanamume wa muda.

"Ulitoa upande wako, mzee," akasema bila kugeuka. "Na wangu je?"



Kulipokucha nilimwona baba mkubwa akiteremka kutoka chemchemini na ndoo ya maji kichwani, mabega yamelowa, akielekea kwenye kipande cha ardhi ambacho mama mkubwa alikuwa amekichagua kwa ajili ya miche mipya. Kwetu mwanamume hateki maji. Watu walitoka majumbani kumtazama, na mjomba, yule yule wa sengu, akamwuliza kwa heshima zote amekuwa mwanamke tangu lini.

Mama mkubwa ndiye aliyejibu, akiwa ameinama na jembe, bila kusimamisha kazi.

"Tangu jana. Mpaka miche ishike."