Mbegu Tatu Shimo Moja

Walimwita Bwana Nafasi, kwa sababu kila mkutano alihubiri nafasi: ya shimo na shimo, ya mstari na mstari. Wenye ulimi mkali waliongeza kwamba miaka kumi na tisa anagawia mahindi nafasi, na yeye mwenyewe ofisini hajapata hata moja.

Bwana shamba huyu aliwahi kuwaletea wakulima pampu, kuku wakaitagia. Akaleta kipimo cha udongo, kikapotea. Safari hii alikuwa na mashine ya kupandia, ya kusukuma kwa mikono, inayodondosha mbegu moja moja. Ofisi ilimpa msimu mmoja: ukiisha bila mkulima hata mmoja kuiomba, gari linakuja kuichukua. Wa kutoa shamba la kuijaribia hakupatikana. Akamwangukia mama mkwe wake, aliyemkatia robo ekari kando ya njia kwa uso wa mtu anayeazimisha sufuria mpya.

Walipanda asubuhi moja, wakamaliza kabla jua halijakaza. Siku ya kumi na mbili alipita kukagua, akaduwaa. Kila shimo lilikuwa na miche mitatu, imebanana kama meno ya kitana. Akaifungua mashine skrubu kwa skrubu akitafuta kasoro. Haikuwa nayo. Kasoro ilikuwa barazani, inapepeta maharage.

Mama mkwe hakuficha. Mashine ilipopita, naye alipita nyuma na kikopo akiongeza mbili mbili, maana chuma hakijui njaa.

"Moja ya ndege, moja ya mchwa, moja yangu," alisema. "Tangu enzi za bibi yangu."

"Na ndege na mchwa wasipokuja, mama?"

"Basi zote zangu."

Kubishana na mama mkwe ni kushinda maneno na kukosa shamba. Akaweka elimu pembeni, akaingia kwenye hesabu za soko. Akamuuliza mahindi huwa anauza kwa wingi wa mabua au kwa uzito. Mama akamwambia aache maswali ya kitoto. Basi wagawane, akasema bwana shamba: kutoka njiani hadi kwenye kichuguu kilicho katikati ya shamba atang'oa miche miwili kila shimo, abakize mmoja, kutoka kichuguu kwenda chini hagusi. Upande wake ukizidiwa, atafidia kwa mahindi ya shamba lake mwenyewe.

"Gunia kwa gunia?"

"Gunia kwa gunia, mama."

"Haya, ng'oa."

Aling'oa siku mbili, peke yake, kiuno kikimkatika, wapita njia wakimpa pole kama mfiwa. Mmoja akauliza kama siku hizi kuna mshahara wa kuua mimea. Akainamia shimo lililofuata. Kujibu nako kunataka nguvu.

Siku ya kuvuna mama alianzia chini. Mahindi yalikuwa vidole vitupu. Akavuka kichuguu, akavunja la kwanza, limejaa punje, akalipima kiganjani kama mnunuzi asiyetaka muuzaji amsome uso. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Gari la ofisi lilikuwa limeshafika, na dereva ameshika mashine anaiburuta.

"Iache hapo, baba," mama akasema bila kuinua kichwa. "Msimu ujao napanda nayo mimi. Shamba zima."

Dereva akamtazama Bwana Nafasi, akingoja neno la ofisi.

"Umemsikia mwenye shamba," akasema, akajikalisha juu ya gunia.