Kifumbu cha Mama Halidi

Ukifika Kibaha ukamuulizia fundi Saburi, utaonyeshwa nyumba yenye bati jipya upande wa jikoni na bati kuukuu kwingine kote. Ngoja nikueleze kwanza habari ya hilo bati.

Saburi ni mtu wa Mzenga. Alikuja Kibaha kutengeneza redio, redio zikapungua, akahamia kwenye simu. Simu ikifa yeye haitupi. Ndani yake mna bodi, na juu ya bodi mna dhahabu, nyembamba kuliko utando wa maziwa. Miaka kumi na mmoja aliitoa kwa tindikali kali, nyuma ya jiko. Tindikali ile iliiyeyusha dhahabu yenyewe, kwa hiyo Saburi alichuja, akatunza maji, makapi akatupa. Moshi wake wa rangi ya kutu ukapanda, ukala bati. Kisha akaanza kukohoa, na siku moja akala mchuzi uliochacha, pua isimwambie kitu.

Mkewe, Mboni, akamwambia, "Baba Halidi, bati nimeweka jingine. Mapafu yanauzwa duka gani?"

"Nikiacha nitafanya nini?"

"Turudi Mzenga tukalime mihogo."

Saburi hakuidharau mihogo. Ila mikono yake imezoea vitu vidogo, na kila alipolifikiria jembe alijiona kama mtu anayeambiwa abadili jina.

Basi akaja Mwalimu Vailet, anayefundisha kemia, ameleta simu yake itengenezwe. Akawaeleza kwamba ipo njia ya ndimu: maji ya ndimu, chumvi kidogo, na ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda. Haina moshi ule, lakini inataka subira. Mboni akakubali ndoo moja ya bodi, mara moja tu. Ikishindikana, Mzenga.

Siku ya tisa maji yalikuwa yamegeuka kijani. Saburi akachukua kifumbu cha mkewe, kile cha ukindu cha kukamulia tui, akachuja. Maji akayafunika vizuri kwenye ndoo. Makapi akayamwaga chooni, akanawa mikono. Nani anatunza chicha akaacha tui?

Alasiri Mwalimu Vailet akapita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Njoo ulione tui langu."

Mwalimu akachungulia ndoo. "Hii ni shaba, mzee. Ndimu haiyeyushi dhahabu. Inakula shaba iliyo chini yake, dhahabu inabanduka yenyewe. Makapi yako wapi?"

Saburi akatazama upande wa choo. Akakaa juu ya kigoda.

"Huku kwenye ndimu," mwalimu akasema kwa upole, "unatunza chicha."

"Miaka kumi na mmoja anatupa chicha," Mboni akasema kutoka jikoni, "leo angejulia wapi?" Akatoka na kifumbu mkononi. "Na hiki mmekitia nini? Nasugua, kuna magamba hayatoki."

Wakakitandaza juani. Katikati ya ukindu mlikuwa na vipande vya njano, vidogo kama magamba ya dagaa. Wakavichokoa kwa sindano wote watatu, bila haraka. Vilipokusanywa havikujaza ukucha wa mtoto mchanga.

Saburi akavitazama. "Ndoo yako imekwisha, Mama Halidi. Nifunge mizigo?"

"Siku tisa hizi umekohoa mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu." Mboni akamwekea kifumbu mapajani. "Anza nyingine. Hiki hakirudi jikoni, utaninunulia kipya. Na hayo maji ya kijani usimwage kisimani kwa watu."

Mwalimu akamwonyesha kutia misumari ya chuma ndani ya maji yale, ili shaba iigande kwanza, na kinachobaki kisimwagwe ovyo.

Kifumbu kile sasa kinaning'inia karakanani. Kikohozi kimepungua, pua haijarudi. Kila akianza ndoo mpya, Saburi humwita mkewe aje amnusie ndimu kama bado ni nzima.