Mchoro wa Sabuni

Kumekucha Chapwa, Tunduma. Mwanamvita Saidi amesimama uani na ndoo tupu. Anaitikisa mbele ya mdogo wake, Ishaka, mpaka kishikio kinalia. Ishaka anaitazama, anaipokea, anashika njia ya bombani.

“Zamani nilimwonyesha picha tu,” anasema dobi huyo, anayefua nguo za madereva wa malori yaendayo Zambia. “Sasa akiona kipande cha boksi anaingia uvunguni.”

Ishaka ana miaka thelathini. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na maneno mengi humpita. Dada yake ndiye aliyegundua kwamba macho yake hushika kile ambacho masikio huacha. Akamchorea kwa mkaa juu ya maboksi: ndoo, pasi, sahani ya ugali. Kila dereva akapata mchoro wake, na Ishaka akawa anapeleka nguo bila kukosea mlango.

Mwaka jana, 1983, ukaja msako wa walanguzi. Sabuni ilikuwa adimu madukani. Jirani yao, Mwasiti, alikuwa amemwekea Mwanamvita mche mmoja. Ishaka akatumwa kuufuata, mkononi ana mchoro wa sabuni na nyumba yenye mlango mweusi.

Mgambo wakamsimamisha njiani.

“Ramani ya nani hii? Sabuni mmezificha wapi?”

Ishaka, kama alivyofundishwa, akaweka kidole kwenye nyumba.

Walimpiga mpaka akalala chini. Kisha wakavunja mlango wa Mwasiti, wakamkuta na miche miwili, wakamchukua.

“Nilifika mbio,” anasimulia Mwanamvita. “Nikawaambia, ‘Ndugu zangu, huyu hajui kujieleza, hiyo ndiyo lugha yake.’ Mmoja akacheka, akauchana mchoro.”

Hakuna aliyeomba radhi. Mwasiti aliachiwa baada ya wiki, na hadi leo haitikii salamu ya Mwanamvita.

“Simlaumu. Mimi ndiye niliyeuchora mlango wake.”

Tangu kipigo kile Ishaka hujishika tumbo, mara ubavu, akalia. Zahanati walimwuliza panapouma, akawatazama tu.

Mwanamvita amechora mtu ukutani kwa chaki, kichwa hadi nyayo, kando ya kitanda cha mdogo wake. Ishaka hulala ameupa mgongo mchoro huo. Dada haufuti.

“Simlazimishi. Nangoja ageuke mwenyewe, aweke kidole panapomuuma. Siku hiyohiyo nampeleka hospitali.”